Fizikia Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Mniwie radhi kwa hati yangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na huandika polepole sana. Lakini jambo hili siwezi kulieleza kwa mdomo, maana mbele za watu sauti hunipotea.

Mdogo wangu alipokuwa kidato cha pili, alitakiwa achague masomo ya kuendelea nayo. Nafasi moja ilibaki: Fizikia au Sayansi Kimu. Alichotaka maishani kilijulikana nyumba nzima. Alitaka kuwa muuguzi, azalishe kina mama. Mama akamwambia, "Muulize dadako."

Nilikuwa barazani nashona kofia. Nilishtuka kuulizwa mimi.

"Lipi gumu zaidi?" nikasema.

"Fizikia. Wasichana wengi waikimbia."

"Basi chukua hiyo. Chuo cha uuguzi wataona umejikaza."

Nilifikiri kwa akili ya sindano. Kofia ya vitobo vidogo vidogo, iliyokula miezi, ndiyo mtu huiweka ya Idi. Ile ya haraka huvaliwa kila siku mpaka ikachakaa. Nikadhani masomo nayo hupimwa vivyo hivyo, kwa jasho lililoingia.

Akaichukua. Kila alasiri akitoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani alikaa ukumbini na hesabu za umeme na mwendo. Mara nyingi alilia, nami nikimpelekea chai. Kitabu cha Bayolojia kilikuwa chini kabisa ya mkoba. "Hiyo ni ya kukariri tu, dada," alisema, "nitaipitia mwisho."

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Fizikia alipata A-. Mtaa wetu wote wa Kuze ulisikia. Jirani yetu alisimama mlangoni na sahani ya kaimati akapiga kelele, "Haya, mwanasayansi! Friji yangu yavuma kama kinu cha kusaga. Njoo uitibu!"

"Mimi nitatibu watu, shangazi, si friji."

"Na mimi si mtu? Maji yangu yote ya moto!"

Tulicheka. Hakuna aliyeuliza kuhusu Bayolojia. Ilikuwa C-.

Tulikwenda pamoja kwenye chuo cha uuguzi kuomba nafasi. Karani alikuwa mzee mpole. Alichukua karatasi ya matokeo, akaiwekea rula, akawa anaishusha mstari kwa mstari. Kiingereza, sawa. Kemia, sawa. Hisabati, sawa. Kwenye Bayolojia rula ikasimama.

"Binti, hapa tunataka C kamili."

Mdogo wangu akatabasamu, akadhani hajaona. "Tazama chini, mzee. Fizikia."

"Nimeiona. Hongera. Lakini Fizikia sisi huitazama kwa mtu ambaye Hisabati haikumtosha. Wewe imekutosha."

"Kwa hivyo yahesabiwa vipi?"

"Haihesabiwi, mwanangu."

Miaka miwili ya machozi, na mtu mwema kabisa, asiye na kisirani chochote, asema haihesabiwi. Nilitaka kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba mimi ndiye niliyesema achukue.

Karani alituonea huruma. Akasema kuna kozi ya kutengeneza mashine za hospitali, mahali pengine, na kwa A- ile wangempokea kwa mikono miwili. Huko, alisema, ndiko Fizikia inakotakiwa. Akaandika jina la kozi kwenye kipande cha karatasi.

Nje, mdogo wangu alikisoma mara mbili, akakikunja.

"Wasemaje, dada?"

Safari hii nilisema ukweli. "Mimi sijui. Wala ile siku sikujua."

Nilingoja anilaumu. Akasema, "Mimi sitaki mashine. Nitarudia mtihani wa Bayolojia." Tukatembea mpaka nyumbani, na jioni ile alikitoa kitabu mkobani, akaanza ukurasa wa kwanza.

Mwaka mzima utapita kwa neno langu moja. Mpaka sasa sijaelewa: somo gumu lina faida kwa anayetafuta chuo, au faida ni kuuliza kwanza chuo chenyewe chataka nini? Nyinyi mliosoma mkafika huko, niandikieni. Hata mistari miwili. Nitaisoma polepole, lakini nitaisoma yote.