Nimeukalia mkataba wa Elia

Jamani, maharage yanaungua jikoni lakini siinuki. Nimeukalia mkataba wa mwanangu!

Katibu wa timu yake kaja hapa nyumbani Kasulu. Anataka Elia apunguziwe mshahara mwaka huu, kilichobaki alipwe mwakani, ili timu isivuke kikomo cha mishahara ilichowekewa na ligi, ipate nafasi ya kusajili mshambuliaji.

Elia kashika kalamu, anacheka tu. Ndiyo nikaivuta karatasi, nikaikalia, nikamgeukia katibu.

"Wangapi wamekubali hivi, baba?"

"Saba, mama."

"Na kile kikomo cha mishahara ya timu, mwakani kitapanda?"

"Hapana, ni kilekile."

"Sasa malipo ya watu saba yakirundikana mwakani, mtafanyaje?"

Kakohoa kwanza. "Tutawaacha wale ambao malipo yao yatakuwa makubwa."

Elia kaacha kucheka.

"Mama, hebu inuka nisome."

Wapendwa, niinuke?