Koti la Marehemu Katika Baridi ya Ruiru

Mwaka 1955, msimu wa kipupwe, nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nilikuwa nikiishi Ruiru, ugenini, nikichambua kahawa. Nilizaliwa Tanganyika, upande wa milima ya Upare, nikavuka mpaka mwezi Machi 1951 kumfuata mume wangu, fundi katika kiwanda kimoja cha Thika. Aliniacha mjane Jumatatu ya tarehe 14 Februari 1955. Hatukujaliwa mtoto. Tarehe hizi sikuziandika wakati huo, kwa kuwa shule niliingia nikiwa na miaka thelathini na minne. Nilizihifadhi kichwani, na hadi leo hakuna hata moja iliyoniponyoka.

Kazi ile hunijia sasa kama kitu nilichokiona usingizini. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka mtoni ukafunika vitanda vya kukaushia, zile meza ndefu za wavu zilizotandikwa magunia, hata wanawake wote tukaonekana tumekatika viunoni, tukielea. Vidole vilikwenda vyenyewe: punje iliyovunjika huku, yenye doa huku, nzima ibaki. Mlio wake ulikuwa kama mvua ndogo isiyolowesha. Wenzangu waliimba nyimbo za kanisa kwa Kikuyu, nami nikaitikia kwa maneno ya kwetu, na hakuna aliyejali. Kuna asubuhi niliinua uso nikawa sijui niko nchi gani, wala sikuwa na haraka ya kujua.

Kilichoniamsha kila mara ni baridi. Jumatatu ya tarehe 20 Juni nilifungua sanduku nikatoa koti la marehemu, la sufu nzito, jeusi. Alikuwa mtu mrefu. Mimi ni mfupi. Mikono ya koti iliburuzika kwenye kahawa, kwa hiyo jioni nikaazima mkasi, nikaipunguza shubiri nzima na kuipinda vizuri. Kesho yake nyapara alinisalimu kama anayemsalimu karani wa ofisini, na wanawake wakacheka.

Sasa ni lazima nieleze. Katika ukoo wa mume wangu, koti la marehemu lilikunjwa na kuwekwa hadi siku ya kuondoa tanga. Siku hiyo ndugu mmoja alilivaa mbele ya wazee, na aliyelivaa alichukua nyumba, mjane akiwamo. Je, nililijua jambo hilo? Nililijua. Lakini lilikuwa jambo la kule, na baridi ilikuwa ya hapa.

Mapema mwezi Julai dereva mmoja wa kwetu alileta habari Thika, nazo zikanifikia Ruiru: baba mkubwa wa mume wangu angekuja na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, tuondoe tanga, kisha nirudi nao Upare. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke na shamba la migomba, na alinisalimu daima kwa adabu. Mimi sikutaka kuwa mke wa pili chini ya paa ambalo sikulichagua. Nilitaka kitanda changu cha kahawa, chumba changu kimoja, na Jumapili zangu za kimya.

Usiku sikulala kwa aibu ya kulikata lile koti. Vile vipande vya mikono nilikuwa nimevihifadhi. Nikaamua kuvishona tena mahali pake. Nilimweleza jirani yangu, bibi mzee tuliyechambua naye kwenye kitanda kimoja, ambaye wote tulimwita cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Aliuliza koti lenyewe liko wapi. Nikamwambia ndilo hili nililovaa. Akacheka hata akashika ukingo wa kitanda.

"Mama, usiliguse kwa sindano," akasema. "Nenda nalo hivyo hivyo."

Tulikutana Thika, katika chumba cha kanisa tulimosali mimi na marehemu. Walikuwapo wageni wangu wawili na mzee mmoja wa kanisa. Cucu alikuja kuwa shahidi wangu. Yeye Mkikuyu, katika nchi yake mwenyewe, ilimbidi kuomba kibali cha kusafiri, kwa ile Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau. Mimi mgeni nilipita tu na karatasi yangu.

Baba mkubwa aliomba koti. Nililivua mabegani nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nani amelivaa hili?"

"Nimelivaa mimi, baba. Tangu tarehe ishirini Juni, kila siku ya kazi."

Alimpa shemeji, naye akalivaa. Mabega yalimkaa sawasawa, kwa maana walikuwa wa umbo moja, lakini mikono iliishia karibu na viwiko, na kutoka mfukoni zikadondoka punje mbili za kahawa. Mzee wa kanisa alikohoa akatazama dirishani.

"Mwanangu, hilo ni la kuchambulia," cucu akamwambia. "Njoo Jumatatu, nyapara atakupa kitanda."

Shemeji ndiye aliyecheka kwanza. Kisha akalivua, akanusa kola iliyobaki na harufu ya kaka yake, na kicheko kikamwishia. Alilikunja taratibu akaliweka mezani, akasema kwamba yeye hawezi.

Baba mkubwa alinitazama kwa muda mrefu. Nilimtazama pia, ingawa si desturi.

"Koti likishavaliwa halivaliwi mara ya pili," akasema. "Huyu amejirithi mwenyewe."

Hakusema kwa kunisifu. Aliniuliza kama nitamaliza matanga peke yangu, nikajibu kwamba nitayamaliza. Ndipo akamwomba mzee wa kanisa aandike kitabuni kwamba ukoo haunidai tena kuwa mke wa mtu wake, na kwamba ninakaa Ruiru kwa hiari yangu. Shemeji aliandika jina lake. Baba mkubwa alitia kidole gumba, nami nikatia changu chini ya chake. Wino ulikuwa wa zambarau.

Niliuliza kama tarehe imeandikwa. Mzee wa kanisa aliongeza mstari mmoja, akausoma: Jumamosi, tarehe 23 Julai 1955, saa saba na dakika kumi mchana. Nikamwomba ausome tena, polepole.