Bangi ya Kuku

Siku hizi nikiwasikia watu redioni wakibishana bangi iruhusiwe au isiruhusiwe, nacheka peke yangu. Mimi nilishashtakiwa kwa bangi, tena nikiwa na mtoto mgongoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kijijini kwetu kwenye vilima vya Iringa. Nilikuwa na mashina manne nyuma ya banda la kuku. Kuvuta sikuvuta hata siku moja. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipoingia, nililoweka majani yake kwenye maji ya kuku, kama mama alivyonifundisha. Mwaka ule kuku wa kijiji kizima walikufa, wangu wakabaki. Basi kila nyumba ikaja kuchukua mtetea kwangu kwa desturi yetu: unamfuga, akitotoa tunagawana vifaranga. Baadaye wanawake wakarudi kimya kimya kuomba na majani.

Jirani yangu, mzee wa kanisa, akayaona mashina yale, akanishtaki kwa jumbe. Barazani walibishana asubuhi nzima. Kuna aliyesema babu zetu walivuta na mashamba wakalima. Mzee wa kanisa akasema sheria ni sheria, nipelekwe bomani nikafungwe. Mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Niliogopa, ila hasira ikanizidi. Mkuki kwa nguruwe, wahenga hawakukosea.

“Mzee wangu,” nikamwambia, “mtetea wako katoka kwangu. Hebu muulize mkeo anamnywesha nini.”

Mkewe akainuka taratibu, akajifunga khanga kiunoni. “Majani nimechukua kwake mara tatu,” akasema. “Kama ni bomani, naenda naye.” Wakainuka wengine, wawili, watano, na mwisho mama yake jumbe mwenyewe na mkongojo wake.

“Mwanangu,” akamwambia jumbe, “andika na jina langu.”

Jumbe akaweka kalamu chini. Akaamua mashina yang'olewe, barua ya bomani isiandikwe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Wanawake wakanisindikiza kwa vigelegele hadi nyumbani, mtoto kalala fofofo mgongoni.

Mashina niliyang'oa kwa mikono yangu, mzee wa kanisa akisimamia. Lilipotoka la mwisho, hakuondoka. Akakohoa, akatazama huku na huku.

“Sasa mama,” akaniuliza kwa sauti ya chini, “kuku wangu watakunywa nini?”

“Waombee, mzee,” nikamjibu.