Udongo wa Kusafishia Gari la Harusi

Opicho alimpa mke wake gari alisafishe, na hakumwambia kwamba gari hilo ndilo litakalompeleka yeye Opicho kanisani kumwoa mwanamke mwingine. Kosa ni hilo. Majirani wa mtaa wa Huruma, Nairobi, walilizungusha baadaye. Huyu alisema kosa ni kuoa, yule akasema kosa ni la Nasambu mwenyewe, kukaa na mwanamume miaka yote hiyo bila pete. Lakini kuoa, wanaume huoa. Kwao Nasambu, upande wa Bungoma, mwanamume akitaka mke wa pili humketisha wa kwanza akamwambia. Mke anaweza kulia, anaweza kukataa kupika, lakini neno atakuwa amelisikia kwa kinywa cha mwenyewe.

Ulikuwa mwaka kabla ya ile mvua kubwa ya Elnino. Opicho alikuwa fundi wa rangi katika gereji moja ya Makadara. Nasambu naye aliwahi kufanya kibarua humo humo kabla hajamzaa Andati, akiosha magari na kuyaandaa kwa nta. Mikono yake ilijulikana. Ndiyo maana hakushangaa Alhamisi ile mumewe alipofika mchana na gari aina ya Pijo, jeupe, akaliegesha uwanjani nyuma ya ploti walimopanga, karibu na mfereji wa kuchotea maji.

Gari lilikuwa la Naftaly, karani wa gereji. Lilikuwa limelala muda mrefu kando ya mafundi wa kuchomelea mageti. Cheche za chuma zilikuwa zimelirukia zikashika kutu, vidoa vidogo vya rangi ya chai, na juu yake ukatua umande wa rangi nyeusi ya mageti. Kwa mbali lilionekana safi. Nasambu aliliosha kwa maji na sabuni, akaingiza mkono ndani ya mfuko wa mkate, akaupitisha polepole juu ya boneti. Mfuko mwembamba kama ule husikia kile ambacho vidole vitupu havisikii. Boneti ilikwaruza kama ulimi wa paka.

"Ukipaka nta hapa utafungia uchafu ndani," alisema. "Ni kama kupaka mafuta mguu wenye matope. Linaenda wapi?"

"Harusi. Kuna jamaa wa kazini anaoa Jumamosi."

"Jamaa gani?"

"Humjui," Opicho akasema.

Alitandika gunia akapanga vifaa juu yake: wembe, msasa wa maji, waya wa kusugulia sufuria, mafuta ya taa katika chupa ya soda, na donge la udongo wa kijivu lililofungwa kwa nailoni. Akamwambia achague yeye, kwa kuwa ndiye mwenye mkono.

Nasambu aliurudisha waya pale pale. Waya ni wa sufuria. Wembe alijua unafaa kwa kioo, lakini kwenye rangi ukiteleza mara moja tu umeandika, na maandishi yale hayafutiki. Msasa aliushika akaufikiria. Msasa ni wa haraka, na mafundi wengi wangeuchukua, lakini huondoa uchafu na rangi kwa pamoja, na rangi ya gari kuukuu ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Mafuta ya taa yangeyeyusha lami ya chini ya milango na kulegeza ule umande mweusi, ila chuma kilichoshika kutu kingebaki. Ndipo akaufungua ule udongo. Ulikuwa umekuja ndani ya buti ya gari kuukuu lililotoka Japani, na pale gereji wengine walikuwa wakiutumia kuziba matundu. Ulikuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Ukiutelezesha juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni, hung'oa kilichochomoza na kuacha rangi mahali pake. Ukichafuka unaukunja, upande safi unatokea.

Alichagua mafuta ya taa kwa huku chini na udongo kwa sehemu zote nyingine. Udongo aliukata vipande viwili, kimoja akakiweka akiba, maana udongo wa aina hiyo huanguka, na ukianguka umekwisha. Kilichokosekana ni kitambaa. Vile vya Opicho vilikuwa vigumu kwa rangi iliyokauka. Basi akaingia ndani, akafungua sanduku, akatoa flana aliyomfungia Andati alipokuwa mchanga. Andati alikuwa mkubwa sasa, anasoma kwa nyanya yake huko nyumbani. Ndicho kitambaa laini kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kazi ilikuwa ya polepole. Wanza, jirani wa mlango wa pili, Mkamba aliyekuwa akisali kanisa moja la mtaa wa Ziwani, alikuja akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Siku nyingine angekuwa anaongea bila kupumua. Mwuza maji alipita na mkokoteni wake, akasimama kumtazama Nasambu akikunja udongo na kuutelezesha, kukunja na kuutelezesha.

"Mama, hata bwana yako hujawahi kumsugua hivyo," alisema.

Wanawake waliokuwa mferejini walicheka, na Nasambu akacheka nao. Opicho akainama kutazama gurudumu. Wanza hakucheka.

Jua lilipopungua nguvu Opicho alichukua kile kipande cha udongo kilichokuwa kikitumika, asaidie mlango wa nyuma. Kikamponyoka, kikaanguka mchangani. Akakiokota, akakifuta kwenye suruali, akataka kuendelea.

"Tupa," Nasambu akamwambia.

"Nimekifuta."

"Kimeshika mchanga. Utachora gari la watu siku ya harusi yao."

Alikitupa. Akabaki amesimama, mikono imelegea, akimtazama mkewe akitoa kile kipande cha akiba.

"Mama Andati."

"Sema."

Aligeukia gari. "Hakuna. Nta iko chini ya kiti."

Nasambu alimaliza. Aliliosha gari upya, akalikausha, akapitisha tena mfuko wa mkate, na mara hii mkono uliteleza mpaka ukingoni bila kusikia chochote. Akapaka nta kwa ile flana. Opicho alisema gari limekuwa kioo, akaingia, akaliondoa. Usiku huo alituma neno kwamba kazi imemshika Makadara.

Jumamosi Wanza alibisha mlango akiwa amevaa nguo za kanisani. Hakuketi.

"Mama Andati, jina la Baba Andati limesomwa kanisani kwetu Jumapili tatu. Anaoa leo. Wamemsoma kuwa ni kapera."

"Alhamisi ulijua?"

"Nilijua. Nilidhani ataona gari unavyolishika, akwambie."

Nasambu alizima stovu. Akaifunika mboga ya sukuma iliyokuwa imeiva nusu, akavaa viatu. Wanza anasema alimtazama usoni njia nzima mpaka Ziwani akingoja machozi, akaona uso uko vile vile, kama wa mtu anayekwenda kusaga mahindi.

Walikuta watu wameingia, wanaimba. Pijo ilikuwa nje, imefungwa utepe wa waridi. Mwanamke mwenye ua kifuani, mpokea wageni, alikuja akitabasamu.

"Karibu mama. Wewe ni wa upande gani, wa bibi harusi ama wa bwana harusi?"

"Mimi ni wa gari," Nasambu akajibu.

Yule mwanamke akadhani ni mke wa dereva, akarudi ndani. Nasambu akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa laini. Karibu na kitasa cha mlango wa nyuma palibaki duara jeupe la nta iliyokauka bila kufutwa. Mkono wake ukashika ncha ya leso, ukapafuta. Hakuuambia ufanye hivyo. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu na kuiivisha ile sukuma.

Yule bibi harusi hadaiwi kitu. Naye alisomewa kapera. Wanza alikuja wiki iliyofuata, akaketi, akasema alikosa kwa kunyamaza ile Alhamisi, hilo likaisha. Naftaly mwenye gari akimwona Nasambu huvuka barabara, na avuke.

Opicho alikuja mvua zilipoanza, kuchukua nguo zake. Nasambu alimpikia chai. Mumewe alizungumza juu ya bati linalovuja, akauliza kikohozi cha Andati, akaisifu chai. Nasambu aliketi mbele yake mikono mapajani, akingoja. Kikombe kikaisha, Opicho akainuka. Flana ilikuwa kambani, imefuliwa mara nyingi na bado inanuka mafuta ya taa. Aliinama akapita chini yake.

Neno lenyewe ni fupi: kwamba harusi ile ilikuwa yake. Opicho bado hajamwambia.