Mbao Zilizoanikwa Kama Mpunga

Saa moja kasoro robo asubuhi, vumbi la mtaa wa Viwanja Sitini mjini Ifakara bado limelala. Ndani ya karakana ya Fundi Vitus Mkwera, Kandida Ngwila amekwisha kujifunga kanga kiunoni, na randa yake inatoa maranda marefu yanayojikunja na kudondoka miguuni pake.

Anasimama, anafumba jicho moja, anautazama ubao kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Hajaridhika. Anaupitishia kiganja, kisha anaanza upya.

“Macho yangu yana miaka arobaini na saba, siyaamini sana,” anasema. “Kiganja ndicho kinachoniambia kama kazi imekwisha.”

Miezi mitatu iliyopita mama huyu hakujua hata randa inashikwa upande upi. Ni mkulima wa mpunga kutoka Mchombe, njia ya Mlimba, na wengi humwita Mama Teddy kwa jina la binti yake wa kwanza. Msimu huu mto ulifurika, maji yakakaa shambani wiki tatu. Ekari zake mbili, ambazo mwaka mzuri humpa magunia thelathini, zilimpa kumi na moja.

Mdogo wake, Brigitha, anayeishi Ifakara, ndiye aliyempigia simu kumweleza habari za Fundi Vitus. Kila kiangazi, mavuno yakiisha na kabla watu hawajarudi kusafisha mashamba, fundi huyo hufundisha useremala kwa wiki nane. Hakuna daftari. Kila mwanafunzi hupewa mbao nne za mtiki, naye huzigeuza kuwa samani kwa mikono yake mwenyewe. Anayewashinda wenzake hubaki karakanani: hupewa meza yake ya kufanyia kazi na sehemu ya oda zinazoingia.

Nafasi ni moja tu. Mwaka huu waliiwania watu tisa, na mwanamke alikuwa Kandida peke yake.

“Sikuja kupitisha muda,” anasema. “Magunia kumi na moja hayatufikishi mavuno mengine. Ile meza niliitaka tangu siku ya kwanza.”

Mbao walizopewa zilikuwa bado na unyevu. Fundi aliwaambia wakazikaushe kwanza, akaeleza na habari za kivuli na hewa, lakini Kandida alilishika neno moja tu: zikauke. Na kukausha, yeye aliona, si jambo la kumfundisha mkulima wa mpunga.

Alitandaza turubai katikati ya ua wa Brigitha, akazilaza mbao zake nne kwenye jua kali. Kila baada ya saa moja alizigeuza. Jioni alizifunika zisipate umande, asubuhi akazifunua. Kuku wakisogea aliwafukuza, ingawa leo anakiri kwa kicheko kwamba hajui wangekula nini pale.

Siku ya nne alizirudisha karakanani zikiwa zimejikunja kama vigae, na ncha zake zimepasuka. Wenzake walikuwa wamezipanga zao chini ya banda la karakana, vijiti katikati na mawe juu, nazo zilikuwa zimenyooka vizuri.

Abdulkarim, dereva wa bodaboda aliyekuwa akijifunza naye, alizizunguka mbao zile mara mbili, kisha akauliza kwa upole, “Mama Teddy, hizi umeshazikoboa au bado?”

Mwingine akataka kujua zitatoa madebe mangapi. Karakana nzima ilivunjika mbavu, na Kandida mwenyewe akacheka nao, ila anasema machozi yalikuwa karibu. Alikuwa amepanga kutengeneza kitanda cha futi tano kwa sita. Kwa mbao zile, kitanda kilikuwa kimeshakufa. Na utaratibu wa fundi haubadiliki: ukiharibu mbao zako, hupewi nyingine.

Fundi Vitus hakucheka wala hakugomba. Alimwambia azikate zile ncha zilizopasuka, zipelekwe jikoni zikachemshe chai.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kandida alikata kipande kizima cha kwanza, urefu wa futi moja hivi, akakiweka mezani. Kikatulia. Akakisukuma kwa kidole, hakikuyumba. Akakata kingine, nacho kikatulia. Ule mkunjo ulikuwa umesambaa katika urefu wa ubao mzima. Ndani ya kipande kifupi ulibaki kidogo sana, kiasi cha kumalizwa na randa.

Akaanza kujiuliza ni samani gani isiyohitaji ubao mrefu. Jibu alilipata jirani na kwa Brigitha, kwenye shule ya chekechea ambako watoto hukaa mkekani: viti vidogo, vyenye mikono pembeni ili mtoto asianguke.

Alipomweleza fundi, mzee alikigeuzageuza kipande mkononi. “Endelea, Mama Teddy,” akasema mwishowe. “Lakini sitaki kuona msumari hata mmoja.”

Maana yake kila kiungo kishikwe kwa ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lililochongwa kwa patasi. Ndimi zake tatu za kwanza zilicheza tunduni kama jino bovu, zikaishia jikoni. Ya nne ilibana mpaka ikaingizwa kwa nyundo. Kufikia wiki ya nane alikuwa na viti sita.

Siku ya mwisho mkaguzi ni Nkwabi, mfugaji wa ng'ombe mwenye kilo zaidi ya mia na ishirini. Kazi hiyo aliipata miaka ya nyuma alipokuja kuagiza kitanda, akakaribishwa kigoda, kigoda kikafa. Tangu hapo kila kilichotengenezwa hukikalia na kukitikisa mara tatu. Kikilia, kimeanguka mtihani.

Siku hiyo benchi la Abdulkarim, zuri kwa macho, lililia mara ya pili. Vitu vingine vilipita, vingine havikupita. Kisha Nkwabi akafika kwenye kiti cha chekechea, kinachomfikia chini ya goti.

“Mayu,” alimwambia Kandida, kwa Kisukuma chake cha kumwita mama, “hiki nacho nikikalie?”

“Kikalie, baba. Sheria ni ya wote.”

Abdulkarim akatangaza kwamba anakwenda kutafuta jeki.

Nkwabi alijishusha polepole mpaka magoti yakamgusa kifua. Alitikisa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kimya. Akainuka, na kiti kikainuka naye, kimembana nyonga. Watu wakakaa chini kwa kucheka. Ilibidi Fundi Vitus avute mgongo wa kiti na Abdulkarim avute miguu, kwa nguvu zao zote, mpaka kikachomoka.

Fundi alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikagua viungo kimoja kimoja, akajaribu kupenyeza ukucha. Hakuna kilicholegea. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya kazi iliyokuwa wazi, akakiweka juu yake.

“Ndipo nikajua meza ni yangu,” Kandida anakumbuka. “Abdulkarim ndiye aliyenipa mkono wa kwanza.”

Viti vile sita sasa viko chekechea, na mwalimu ameagiza kumi na viwili vingine. Nkwabi naye ameomba kiti cha kipimo chake. Alipompima, Kandida alilazimika kuzunguka na futi kamba.

Mvua zikikaribia atarudi Mchombe kulima, na kiangazi kijacho anataka kufungua karakana yake huko, ili akina mama wajifunze bila kupanga chumba mjini. Lakini akiulizwa kama useremala utamtoa shambani, anaiweka randa chini na kushangaa.

“Mpunga siuachi,” anasema. “Nitengeneze meza nzuri namna hii, halafu juu yake niweke nini?”