Fulana ya Mwalimu Mikidadi

Wapo watu Towero wanaosema Mwanaheri alimuua baba yake. Ulimi hauna mfupa, waache waseme. Lakini hao hao, mzee alipokuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, hakuna hata mmoja aliyempelekea blanketi.

Ilikuwa zamani za Mdachi, reli ina mwaka wa pili tangu ifike Morogoro. Mwanaheri alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi na baba yake mlimani, kwenye ukungu unaoingia nyumbani bila hodi. Baba, Mwalimu Mikidadi, alifundisha Kurani na ndiye aliyewasalisha watu wa pale. Kifua chake kilikuwa kibovu. Kila kipupwe watu walimhesabu marehemu, na kila kipupwe aliponea chupuchupu.

Akida, mtawala mdogo aliyewekwa na Mdachi, alimpangia Mwanaheri kazi kwa mke wa Mdachi mmoja mchimba ulanga, yale mawe ya kung'aa, nyumba yao iko chini karibu na mto. Kazi gani? Kumchana mbwa! Lilikuwa jibwa jeupe, jina lake Prinsi, manyoya marefu yanafagia sakafu. Bibi yule hakutupa hata unywele. Aliyakusanya kikapuni, akayaosha, akamfundisha Mwanaheri kuyachambua, kuyasokota kwa kijiti chenye uzito chini mpaka yawe uzi, kisha kuyafuma kwa sindano mbili ndefu. Alisema kwao mwenye baridi yabisi hafungi goti kwa kitu kingine. Mwanaheri alicheka kimoyomoyo, Wazungu na vituko vyao! Lakini mikono yake iliipenda kazi ile. Uzi wake ulitoka mwembamba, hauna fundo, hata Bibi akawa anaomba aonyeshwe yeye. Na jioni, kabla ya kupanda kwao, Mwanaheri aliosha mikono mtoni mara saba, moja kwa udongo, kama baba alivyomfundisha utotoni. Kwamba mbwa ni najisi hakuhitaji kuambiwa.

Masika ya mwaka ule baba alianza kutema damu. Alitetemeka akiwa mbele ya moto. Na Mwanaheri alijua joto liko wapi, alikuwa akilishika kila siku. Aliomba manyoya yaliyobaki, akapewa kikapu kizima, akafuma fulana nzito ya mikono mirefu.

"Ya nini hii, mwanangu?" baba aliuliza.

"Sufu, baba. Kondoo wa Ulaya."

Ee, laiti angejibu vingine! Lakini angejibu nini? Angesema mbwa, mzee angeitupa na kurudi kutetemeka. Mwanaheri alimtaka baba yake hai. Wewe ungetaka nini?

Na mzee akawa hai kweli. Damu ilikatika, kikohozi kikapungua, wanafunzi wakarudi barazani na mbao zao. Alisalisha ndani ya fulana ile, asubuhi mpaka usiku, akimwombea dua mwanawe aliyeifuma. Mwanaheri akiisikia dua hiyo alitamani ardhi impokee. Kila siku alisema nitamwambia joto likirudi, nitamwambia kesho. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja ya kipupwe Bibi alipanda mlimani kutembea, na Prinsi mbele. Alipofika kwenye baraza la Mwalimu alisimama, akapiga makofi kwa furaha.

"Oo! Hii Prinsi yangu! Nywele ya Prinsi! Mimi fundisha Mwanaheri. Joto, eh, mzee?"

Akamshika mbwa, akamweka ubavuni pa fulana ili kila mtu aone rangi ni moja. Wanafunzi waliacha kusoma. Bibi aliaga akacheka akaenda zake, hakujua alichokivunja.

Baba aliivua taratibu. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

Hakumpiga, hakumtukana. Afadhali angempiga. Alikwenda kijitoni, akajimwagia maji mwili mzima mara saba, moja kwa udongo, katika baridi ya kuuma mifupa. Kisha akatandika mkeka, akaanza kulipa sala za miezi mitatu, moja baada ya moja. Blanketi alilofunikwa na mwanawe alilisukuma. Uji wake hakuugusa, alikunywa wa jirani. Siku ya tatu damu ilirudi.

Mwanaheri alishuka mjini mbio, kwa Sheikh Ahmadi, mzee aliyemfundisha baba yake. Alimkuta anafunga mzigo ili awahi gari moshi, kuna ndoa ya kufungisha Kingolwira. Alimweleza yote akilia, bila kujitetea.

"Asiyejua hana lawama," Sheikh alisema. "Sala zake zimepita zote. Mwambie aache, ajifunike, anywe uji. Mimi nitapanda Ijumaa."

Kalamu na karatasi vilikuwa pale pale mkekani! Lakini Sheikh alikuwa na haraka, na Mwanaheri, kwa furaha, aliona maneno yanatosha. Alipanda mlima ule bila kupumzika hata mara moja.

"Baba! Sheikh Ahmadi anasema sala zako zimepita zote. Asiyejua hana lawama. Anasema uache, ujifunike."

Ilionekana wazi mzee anatamani kuamini. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Nani kayaleta maneno hayo?"

"Mimi, baba."

"Basi siwezi kujua kama ni yake." Akageukia kibla, akainua mikono, akaanza nyingine.

Alifariki Jumatano alfajiri, juu ya mkeka. Sheikh Ahmadi alipanda kumzika. Baada ya maziko jirani mmoja aliuliza ni nani atakayemsaidia marehemu kwa zile sala zilizobaki.

"Zipi?" Sheikh alishangaa. "Mikidadi hakubakiwa na sala hata moja. Nilimwambia binti yake Jumatatu, amwambie apumzike. Kwani hakuufikisha ujumbe?"

Watu wote waligeuka.

"Niliufikisha," Mwanaheri alisema.

Hakuna aliyemwamini.