Chupa za Inzi za Bernadetha

Miaka sita Bernadetha alipigwa kwa kosa la kutozaa. Lyamba, mumewe, mfugaji wa Mwamkulu, hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa na fimbo tu, na jino la mbele la mkewe lilishaondoka nayo. Mimi mtu wa hivyo namchukia, hata awe anasalimia vizuri namna gani.

Bernadetha alitunza maabara ya shule moja pale Kashaulili. Alifuga inzi wa matunda kwenye chupa za jamu, akiwalisha ndizi mbivu. Mwalimu Erasmus alileta aina moja ambayo madume wake wana jeni moja iliyoharibika. Kwa macho ni madume hasa: wanamkimbiza jike, wanapigana, wanampanda. Lakini protini inayotokana na jeni ile hawana, basi mikia ya mbegu zao haichezi, haifiki popote. Mayai ya jike yananyauka. Mhamishie jike huyohuyo dume mzima, siku mbili tu chupa inajaa funza.

Alipoliona hilo alilia kwa hasira. Kisha akakosea, akabeba chupa mbili mpaka nyumbani.

"Angalia mwenyewe, mume wangu. Jike hana kosa. Nyie wanaume nanyi mnapimwa."

"Unanifananisha na inzi?"

Chupa zikapasukia ukutani. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili ikamvunja mkono. Mfupa ulivyolia aliusikia. Akaanguka juu ya vioo, damu inamtoka, ndipo akapiga kelele maneno ambayo ilifaa aanze nayo:

"Yule dume wako mweusi ulimchinja kwa nini? Alipanda ng'ombe misimu miwili, ndama hakuna! Mbona majike hukuwapiga?"

Lyamba akashusha fimbo. Kwa mfugaji hilo halina ubishi. Mama yake Lyamba, aliyesikia kelele kutoka nyumba ya pili, akaingia na mchi mkononi, akamshindilia mgongoni mpaka akapiga magoti.

"Mayu, mama yangu, unaniua!"

"Nakuua ndiyo! Baba yako alinipiga hivihivi miaka minne, mpaka nikaenda kukutafuta kwa mwanaume mwingine. Unataka na huyu aende, au utapimwa?"

Bernadetha alikwenda hospitali kufungwa mkono. Lyamba akamfuata nyuma, akaomba kupimwa. Mapokezi walipomwomba majina matatu, alitaja lake, la baba likamshinda.